Shangazi, daktari anaongea na kaka tu, mimi kama sipo

Barua ya leo imetoka Mbalizi, huku kwetu Mbeya, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, naishi kwa kaka na wifi. Mwaka jana niliumwa, nikawa nasikia watu wananisema na hawapo, wakanipeleka hospitali mjini nikaanzishiwa dawa ya haloperidol. Sauti zimeisha kweli. Ila miguu hainitulii, nikikaa natamani kusimama, nikisimama natamani kutembea, usiku nazunguka uani na baridi hii ya Juni. Kliniki daktari haniangalii, anamuuliza kaka 'huyu anaendeleaje', kaka akasema hatulii, dawa ikaongezwa. Nilipojaribu kuongea akacheka akawaambia wanafunzi waliokuwepo 'mnaona, ndo wanavyokuwaga'. Alafu miezi sasa sioni siku zangu na maziwa yananitoka, wifi anasema nina mimba naficha, wakati sina mwanaume. Mbele ya kaka nitasemaje mambo hayo? Kuna mama wa kanisani ananiambia nikaombewe dawa niziache. Nimechoka, nataka kuacha."

Marahaba mwanangu. Nianze na la wifi, umeliweka mwisho mwisho lakini naona ndo linakuchoma kuliko yote. Haloperidol inapandisha homoni inaitwa prolaktini, ile ile inayofanya mama aliyejifungua atoe maziwa, na ikipanda siku zinaweza kukata na matiti yakatoa maziwa hata kama hujawahi kukaribiana na mwanaume. Ni madhara ya dawa yanayojulikana kabisa na ulitakiwa uambiwe siku ile ile unapewa. Nenda duka la dawa kanunue kipimo cha mimba, hela yake ndogo, pima tu, sio kwamba sikuamini ila daktari yeyote ataanzia hapo, na majibu mwoneshe wifi apumzike.

Sasa hiyo miguu. Hapo ndo nilipopandwa na hasira jamani. Dawa za kundi la haloperidol, hizi za kuzima sauti kama zako, zinaweza kumletea mtu hali ya kushindwa kutulia, wenyewe wanaiita akathisia, ni mateso ya ndani ambayo ukimwangalia mtu kwa nje unaona anatangatanga tu basi. Ona kilichotokea: dawa inakufanya usitulie, kaka anasema kwa nia njema kabisa hatulii, daktari anaelewa ugonjwa bado upo, anaongeza dawa ile ile, unazidi kuzunguka uani. Kama angekugeukia wewe akakuuliza kinachohangaika ni mawazo au ni miguu, yangeisha palepale, na swali hilo kaka hawezi kulijibu maana miguu sio yake. Na hii dawa sio ngeni, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, madhara yake yanafundishwa darasani, tena pengine hao wanafunzi aliokuwa nao watakuja kuulizwa kwenye mtihani.

Najua watu wa hospitali watanijia juu. Ni kweli madaktari bingwa wa akili nchi hii ni wachache sana, ukanda wetu huu mtu anatoka Chunya, mwingine Kyela, mwingine kaja na basi la usiku, wote wanamsubiri mtu mmoja na mafaili yamejaa meza. Nawaelewa. Ila foleni inaeleza kwanini mtu anaonwa dakika tano, haielezi kwanini anachekwa.

Pamoja na hayo yote usiache dawa ghafla mwanangu, nakuomba sana. Ukiacha, kwanza unaweza kujisikia vizuri mno, miguu ikatulia, ukalala, ukasema kumbe yule mama wa kanisani alikuwa sahihi, alafu baada ya wiki kadhaa au miezi sauti zinaweza kurudi na hakuna atakaekumbuka kwamba uliacha dawa, watasema ni majini au wataanza vile vitisho vyao vya "tutakupeleka Mirembe" kana kwamba ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma ni jela. Kuombewa nenda, hakuna kidonge kinachokataza maombi, ila anaekwambia achana na dawa muulize sauti zikirudi saa nane usiku atakuwa wapi.

Tarehe ya kliniki usiingoje, nenda wiki hii. Andika kwenye karatasi: miguu haitulii tangu lini na imezidi baada ya dozi kuongezwa, siku zimekata tangu lini, maziwa yanatoka, kipimo cha mimba kimesemaje. Ukifika muone kwanza nesi wa kitengo cha afya ya akili, mara nyingi hao ndo wana muda na wanamjua mgonjwa kwa jina, umwambie naomba niingie peke yangu kwanza, kaka ataitwa baadae. Wanafunzi nao unaweza kuomba watoke, ni haki yako, sio kiburi. Alafu karatasi mpe daktari mkononi, ukitetemeka hata usiongee, aisome. Anaweza kupunguza dozi, kukubadilishia dawa, au kukuongezea ya kutuliza hiyo miguu, huo uamuzi mwachie yeye, usije ukaenda kujinunulia vya kwako sokoni Mwanjelwa kwasababu jirani kakwambia.

Akikucheka tena omba daktari mwingine. Wakikuzungusha ingia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali hapo hapo au ofisi ya mganga mfawidhi, andika malalamiko weka tarehe na ubaki na nakala. Juu yao lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, malalamiko ya wagonjwa wanapokea, ila sidhani kama tutafika huko.

Kuna mambo hayasubiri hata kesho: shingo ikipinda au macho yakigeuka juu yenyewe, mwili ukikakamaa na homa kali juu, au ukifika mahali unaona bora ufe kuliko kuendelea kutembea usiku. Hilo la mwisho watu wenye akathisia linawapata kweli, hujalaaniwa, mwamshe kaka saa yoyote mwende hospitali.

Na kaka mwenyewe mpe simu asome hapa. Baba, umefanya kazi kubwa, ndugu wengi wangeshamfungia chumbani. Safari hii daktari akikugeukia wewe mwambie "dokta, muulize mwenyewe yupo hapa", ukiombwa utoke toka, na nyumbani mwambie mkeo hayo maneno ya mimba yaishe.

Ukishatoka huko niandikie binti, uniambie amesemaje kuhusu hiyo dozi.