Msusi ndiye huona kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ndugu au rafiki akinyonyoka nywele, umfanyie nini ili asijifiche?" Mimi ni msusi hapa Ujiji, huu mwaka wa 19, na kichwani kwangu hamna unywele hata mmoja. Nitajibu kwa pande zote mbili.

Msusi hukiona kisogo chako kabla yako. Mimi aliyeniona ni mdogo wangu. Alikuwa ananifumua rasta, saluni imejaa, mara mkono wake ukasimama. Kisha akaendelea kimyakimya hadi mteja wa mwisho alipotoka. Akashusha pazia, akasema, "Dada, nipe kidole." Akakipeleka nyuma ya sikio langu la kushoto. Pale palikuwa na duara la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, ngozi laini kama ya kichanga. Hapakuwasha, hapakuuma, hapakuwa na magamba. Angelipaza sauti mbele ya wateja wale, sijui kama ningerudi kazini kesho yake.

Baada ya miezi minne kichwa kizima kilikuwa kimepukutika, zikafuata nyusi. Hospitali wakaniambia ni alopesia areata: kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inayashambulia mashina ya nywele. Haiambukizi wala haitokani na uchafu. Inakadiriwa kuwapata watu kama 2 katika kila 100 wakati fulani wa maisha yao. Wengi wenye viduara vichache nywele huwarudia zenyewe ndani ya mwaka. Wengine, kama mimi, hazirudi. Zipo sindano za steroidi, dawa ya kutuliza shambulio hilo la kinga, za kuchomwa kichwani, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha barisitinibu, dawa ambayo tayari ilikuwa ikitumika kwa baridi yabisi, kwa watu wazima waliopoteza nywele nyingi.

Sasa nije kwenye swali lenu. Walionipenda karibu wote waliniletea dawa. Shangazi alileta mise, yale mafuta ya mbegu za mchikichi tunayopaka hapa Kigoma tangu utotoni. Jirani alinitwangia kitunguu saumu kikanibabua ngozi. Mwingine aliniuliza nimekosana na nani mpaka achukue nywele zangu. Nilizipokea zote kwa heshima, lakini kila chupa ilikuja na mtu wa kuja kukagua baada ya wiki: "Vipi, zimeota?" Nikawa najificha kwa sababu ya wakaguzi, si ya nywele. Mume wangu hakuleta chupa. Usiku mmoja alichaji mashine ya kunyolea, akaweka kigoda uani, akaniambia, "Inamisha kichwa." Akanyoa mabaki yaliyokuwa yamesimama kama majani ya kiangazi, akanifuta shingo kwa khanga, tukaenda kula. Hakuuliza tena habari ya nywele mpaka nilipoianza mwenyewe. Ndivyo ninavyowajibu wenye mgonjwa nyumbani: mwacheni aianze mwenyewe.

Na msidhani ushungi unamaliza jambo. Ushungi unakusitiri barabarani. Kwenye kesha la harusi wanawake huvua, husukana, hupakana hina, na hapo ndipo nilipokuwa nikisingizia homa. Ikiwa una ndugu aliyeanza kukosa shughuli za wanawake, mfuate mkae naye chumba cha pembeni.

Mwenye taaluma yangu namwambia jambo zito zaidi, kwa sababu kuna vipara tunavitengeneza sisi. Mteja anasema "bana, ikae mwezi," nasi tunabana hadi ngozi ya paji inavutika na vipele vinatoka kwenye mizizi. Ukiona hivyo fumua siku hiyohiyo. Zile nywele za mbele zikivutwa miaka mingi, shina hufa, ngozi hung'aa, na hapo hata mise haisaidii. Mimi sasa nakataa kubana, na wateja niliowapoteza kwa hilo siwajutii. Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita akiona zinajaa kwenye kitana, usimtishe: mara nyingi hurudi mtoto anapokaribia kutimiza mwaka mmoja.

Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani, alitangaza Januari 2020 kwamba nywele zake zote zimeondoka. Alisimulia kwamba alijua ana mapengo kichwani pale alipokwenda kusokotwa upya twisti zake. Niliposikia hivyo nilimfikiria yule msusi. Sijui jina lake, lakini mikono yake naijua.

Mwaka jana mama mmoja wa Mwanga aliniletea binti yake wa darasa la sita. Shuleni hukata nywele fupi, kwa hiyo viduara vyake vitatu havikuwa na pa kujificha. Mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani akidai ana mapunye. Nikavitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Mapunye ni fangasi: mara nyingi huwasha, ngozi hutoa magamba, huambukiza, na hutaka vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Kwa huyu ngozi ilikuwa safi, laini, kama ile niliyoigusa kwa kidole changu. Nikamwambia mama ampeleke hospitali, aombe cheti cha kumpelekea mwalimu.

Mtoto alikuwa ameinama muda wote. Nikashusha pazia, nikavua kitambaa changu. Akanyanyua macho, akakitazama kichwa changu kwa muda mrefu, mama yake akataka kumkataza, nikamwashiria amwache.

"Anti," akasema, "huwa unakiosha kwa shampuu au sabuni tu?"

Nikamwambia sabuni ileile ya uso, na jua likiwa kali navaa kofia, maana huungua.