Nikifuata viwango vya wavuti, si nitatoa kitu kama fomu ya serikali?

SWALI: Mambo vipi fundi. Mi nabuni tovuti hapa Dar, sasa nimepata kazi ya duka la khanga na mteja anataka maandishi ya kijivu membamba juu ya nyeupe, picha zinazojisogeza zenyewe, na menyu inafunguka ukipitisha mausi. Jamaa anayeandika msimbo (code) ananibana eti nifuate WCAG, vile viwango vya kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, ili na wasioona wanunue. Ubunifu wangu si ndo basi tena? – Mbunifu, Kinondoni

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo hofu ilishajibiwa kitambo. 2003 Dave Shea wa Kanada alianzisha CSS Zen Garden, ukurasa mmoja wa HTML (mifupa ya ukurasa) ambao huruhusiwi kuugusa, wewe unaleta CSS yako tu (mavazi yake, yaani rangi na mpangilio), na ilikuja miundo kibao ambayo ukiiona utakataa kabisa kwamba chini yake ni HTML ileile.

Sehemu kubwa ya kazi mteja wako hata hataiona kwa macho. Kichwa cha habari kiwe h2 kweli (alama ya HTML ya kichwa), sio maandishi uliyoyakuza tu, batani iwe batani sio div, lile boksi tupu, iliyopakwa rangi, hapo asiyeona anayetumia NVDA au TalkBack, programu za kumsomea skrini kwa sauti, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa bila kusomewa ukurasa mzima. Halafu andika lang="sw" pale juu kutaja lugha ya ukurasa, maana ukiacha ile "en" iliyokuja na tempuleti, programu inaweza kumsomea Kiswahili chako kwa matamshi ya Kizungu, na siku ukiisikia utacheka weee.

Picha sasa. Mtu hanunui khanga kwa rangi tu, ananunua na jina lake, kwa hiyo alt (maelezo ya picha anayosomewa asiyeona) ikisema "khanga nzuri" hujamwambia kitu. Andika rangi, maua, na usemi wenyewe ulivyo, "Mgeni njoo mwenyeji apone". Tena uweke na chini ya picha, maana kwenye kioo cha simu hata sie wenye macho ule usemi hatuusomi.

Kwenye kijivu sikutetei. WCAG ngazi ya AA inataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake uwe 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3, ila #767676 kinapita, kwa hiyo kijivu mnabaki nacho, kilichokolea tu kidogo. Nembo haibanwi na hii sheria, hapo muache mteja ajidai na kijivu chake.

Picha zinazojisogeza zikizidi sekunde 5 ziwe na batani ya kuzisimamisha, na kwa mtu aliyezima miondoko kwenye simu yake tumia kipengele cha CSS kiitwacho prefers-reduced-motion zitulie. Menyu ya mausi ndo sijui mteja aliiwazia nani, wanunuzi wenyewe wako kwenye simu! Ifunguke kwa kugusa na kwa kibodi pia. Na ule mstari unaozunguka kitu ulichokifikia kwa Tab usiufute kisa mbaya, uchore upya kwa rangi za khanga, nani kakukataza?

Kabla hujamuonyesha mteja weka mausi pembeni, uagize khanga moja mpaka kulipa kwa Tab na Enter tu. Ukikwamia kwenye kikapu mrudie huyo jamaa wa msimbo, na soda juu yako.