Sweta ya kwanza: pima jinsi mkono wako unavyokaza uzi kabla ya kuanzisha vitanzi

Dada wa Goma, umeuliza kama mtu aliyewahi kufuma skafu tu anaweza kuingia moja kwa moja kwenye sweta ya mtu mzima. Anaweza. Mimi nilifanya hivyo hapa Bukavu, nikafika nusu, nikaifumua yote na kuanza upya. Nakueleza palipoharibika.

Nilikuwa namfumia baba. Yeye hutoka alfajiri, na unajua asubuhi za mvua za huku kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari: baridi ya ziwa inapanda hadi ndani ya nyumba. Kifua chake ni sentimita 92, nikapanga sweta ya 100 ili aivae juu ya shati. Maelezo niliyofuata yalitaka sindano za milimita 4 na vitanzi 22 katika kila sentimita 10. Basi kipande cha mbele, sentimita 50, ni vitanzi 110. Nikaanzisha 110, nikafuma wiki tatu bila kushika rula.

Nilipofika usawa wa kwapa nikamwita, nikamwekea kipande kifuani. Hakikufika ubavuni, si huku wala kule. Baba akavuta tumbo ndani, akasema, "Itaenea tu, mama." Machozi yalinilenga.

Mama mdogo, aliyewafumia watoto wachanga wa ukoo mzima, akalaza rula juu ya kipande akahesabu kwa ncha ya sindano. Vitanzi 26 katika sentimita 10. Nilikuwa nakaza uzi kwa woga wa kitanzi kuponyoka. Kwa mkono huo, vitanzi 110 vinatoa sentimita 42 tu. Nane zimeliwa mbele, nane nyingine zingeliwa mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya yote fuma kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 30, fuma hadi kipande kiwe cha mraba, kisha kifue kama utakavyoifua sweta yenyewe na kikauke kabisa. Hesabu katikati, maana vitanzi vya kingoni hudanganya. Ukipata vingi kuliko vilivyoandikwa, panda sindano, yaani chukua nene zaidi. Ukipata vichache, shuka, chukua nyembamba. Mimi nilifika milimita 5 ndipo nikapata 22. Usijilazimishe kulegeza mkono, kwa sababu ukichoka utarudi kwenye mkono wako wa kawaida, na sweta itakuwa na upana wa aina mbili.

Kufumua hakukuua uzi. Wangu ulikuwa wa sufu, ukatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mafundo. Mama mdogo alinyoosha mikono, nikauzungushia hapo, tukaufunga sehemu nne usijisokote, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kuuanika ukining'inia na uzito kidogo kwa chini. Kesho yake ulikuwa umenyooka.

Kosa la pili liliniuma zaidi, kwa kuwa halikurekebishika. Nilinunua uzi kidogo kidogo sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kila nikipata pesa. Kijani cha mkono wa kushoto kilitoka kwenye chungu kingine cha rangi. Ndani ya duka vilifanana, juani ukaona mpaka. Kwenye karatasi inayofunga donge kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutiwa rangi. Zote mbili zifanane, na ununue donge moja la ziada. Baba anaivaa hivyo hivyo, lakini mimi jicho langu linaenda pale pale kila akipita.

Shingo pia: funga vitanzi vya mwisho kwa sindano nene kuliko uliyofumia, la sivyo kichwa hakipiti.

Umesema uzi mpya ni ghali. Tafuta sweta ya sufu kwenye mitumba, lakini igeuze ndani kwanza. Mshono wa ubavuni ukiwa umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi kwa mashine, iache, utapata vipande vifupi vifupi tu. Ukiona kingo nzima za kila kipande, zimeunganishwa kwa uzi wa pembeni, inafumuka yote kuanzia juu.

Fuma hicho kipande cha majaribio wiki hii, ukifue, kisha niandikie hapa umepata vitanzi vingapi na kifua cha mvaaji ni sentimita ngapi. Tutapiga hesabu pamoja.