Usikisie Kinyume cha Neno la Kiingereza

Nilipoanza kazi ya kutafsiri nilipewa maandishi ya onyo ya kubandikwa kwenye mapipa ya kemikali. Neno kubwa lilikuwa "inflammable". Nilijua "flammable" ni kinachoshika moto upesi, na nilijua "in-" hukanusha, kama katika "incorrect". Nikaandika: hakishiki moto. Mhariri ndiye aliyeliona kosa kabla ya kuchapwa. Maneno hayo mawili yana maana moja! Kiini chake ni kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, na "in-" ya hapo haikanushi chochote. Leo ilani za usalama hupendelea "flammable", maana mkanganyiko kama ule unaweza kuua mtu.

Wewe unayeanza, kumbuka Kiswahili kimetuzoesha raha. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Ukilipata moja, la pili unaliunda mwenyewe. Kiingereza hakina ukarimu huo. "Invaluable" si kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyopimika. "Priceless" nalo ukilivunja vipande ni "bila bei", kumbe ni cha thamani hata hakinunuliki. Kisichofaa kitu ni "worthless". Na "ruthless", katili, lipo kila mahali, ilhali "ruth", huruma, karibu limekufa.

Yanayonivutia zaidi ni yale yaliyojipinga yenyewe. "Dust" ni kufuta vumbi, na pia ni kunyunyiza unga. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia kuwekea vikwazo. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. "Cleave" ni kupasua, na pia kushikamana. Hivyo vilikuwa vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale vikaja kufanana sura. Hoja ikiwa "tabled", Uingereza imeletwa ijadiliwe, Marekani imewekwa kando, kwa hiyo kabla ya kugusa kalamu tazama waraka umetoka wapi.

Kwa kusikiliza, jihadhari na "raise" na "raze": sauti moja, ila la kwanza huinua na la pili hubomoa hadi chini.

Ninachofanya mimi ni hiki: siandiki neno na kinyume chake daftarini. Naandika sentensi nzima nilimolikuta, halafu nakisia kinyume kwa penseli. Nikishafungua kamusi ndipo nachukua kalamu ya wino.