Nani Anaongoza Hapa? Misingi ya Kupanga Uongozi Kwenye Tukio la Dharura

Kila ninapofika kwenye tukio la dharura, liwe moto, jengo lililoporomoka au ajali ya magari mengi, swali langu la kwanza ni moja: nani anaongoza hapa? Nikitajiwa mtu mmoja, natulia na kwenda kuripoti kwake. Nikitajiwa wawili, najua kwamba kabla hatujagusa moto wala vifusi, tuna tatizo kubwa zaidi la kutatua. Ujasiri haukosekani kwenye matukio. Nimefanya kazi ya uokoaji na wazimamoto, wahudumu wa afya, polisi na raia waliojitolea, na karibu wote walikuwa tayari kuingia mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angetoka mbio. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio wa nani anamwamuru nani, na pengo hilo huua watu.

Mwaka 1970 moto wa nyika uliwaka California kwa siku 13. Watu 16 walifariki, majengo yapatayo 700 yaliteketea, na ardhi iliyoungua ilizidi ekari nusu milioni. Idara zilizoshiriki kuuzima zilipokaa kutathmini, ziliona kwamba shida kubwa haikuwa uhaba wa magari wala kutojua kuzima moto. Kila idara ilikuja na ngazi zake za uongozi, redio zake zisizosikilizana na za jirani, na maneno yake ambayo kwa wengine yalimaanisha kitu tofauti. Kutokana na hapo idara hizo ziliungana katika mpango ulioitwa FIRESCOPE, na ndani yake ukazaliwa Mfumo wa Uongozi wa Matukio, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Ninayoyaeleza hapa yanatoka humo, nikiongeza niliyoyaona kwa macho yangu.

Uongozi huanza na anayefika kwanza. Hausubiri mkubwa atoke ofisini. Kiongozi wa kikosi cha kwanza kufika ndiye kamanda wa tukio, hata kama cheo chake ni cha chini, mpaka mwenye sifa zaidi aupokee uongozi kutoka kwake. Na ni lazima atamke. Kuongoza kimoyomoyo hakumsaidii mtu. Taarifa ya kwanza redioni iwe fupi, kwa mfano: "Kituo, hapa ni gari la kwanza, tumefika. Jengo la ghorofa mbili, moshi mzito unatoka ghorofa ya juu upande wa nyuma, watu bado wanatoka mlango wa mbele. Ninachukua uongozi, niko barabarani mbele ya jengo. Magari yanayokuja yasimame mbali na kusubiri maelekezo." Taarifa hiyo haimalizi hata dakika moja, na kila aliye njiani sasa anajua anakwenda kukuta nini na aripoti kwa nani.

Kwa matukio makubwa, Waingereza hufundisha vikosi vyao vyote kutoa taarifa ya kwanza kwa mambo saba kwa mpangilio uleule: kama tukio kubwa limetangazwa, mahali hasa lilipo, aina yake, hatari zilizopo na zinazoweza kujitokeza, njia salama ya kuingia na kutoka, idadi ya majeruhi, na huduma zilizofika pamoja na zinazohitajika. Mimi hupenda mpangilio huu kwa sababu unamlazimisha anayeutumia aangalie kabla ya kusema. Ukifika kwenye "hatari zilizopo" ndipo unapogundua waya wa umeme ulioanguka nyuma ya gari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona gumu kuliko yote kwa watu wa kazi hii. Kamanda asishike kazi za mikono. Akishika mpira wa maji, anaona mita chache zilizo mbele yake na basi. Akibeba machela, mgongo wake uko upande wa tukio. Nimeshuhudia makamanda wazuri, wenye roho safi, wakizama kumhudumia majeruhi mmoja huku kikosi kizima kimesimama hakijui kifanye nini, na majeruhi wengine wako upande ambao hakuna aliyeutazama. Yupo mtu anayelia mbele yako na mafunzo yako yote yanakuambia umsaidie. Kurudi hatua kumi nyuma, usimame mahali unapoona pande mbili za jengo, uzungushe macho na uanze kuwapanga wenzako kunaonekana kama ukatili. Lakini ndiko kunakookoa wengi. Ninakubali hali moja tu: mmefika wachache, na kuna uhai unaoweza kuokolewa papo hapo kwa tendo moja la haraka. Mwokoe, kisha rudi kwenye nafasi yako mara moja, au umkabidhi mwingine uongozi kwa kutamka.

Ukishasimama, amua malengo. Vipaumbele havibadiliki: kwanza maisha, na humo wamo waokoaji wenyewe, pili kulizuia tukio lisikue, tatu mali. Lakini "kuokoa maisha" si lengo ambalo kikosi kinaweza kupewa. "Hakikisheni hakuna mtu aliyebaki ghorofa ya juu, mkimaliza niambieni" ni lengo. Mtu anajua aanzie wapi, na wewe unajua amemaliza lini.

Kila mtu awe na mkubwa mmoja. Si wawili, hata kama wote wawili ni waungwana. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na kwenye moto chombo hicho kina watu ndani. Niliwahi kuona mkubwa mmoja akiamuru timu iingie kwa mlango wa mbele, wakati mwingine yuko nyuma ya jengo lilelile akiamuru maji yapigwe kupitia dirishani. Kila amri peke yake ilikuwa ya busara. Zikikutana, maji ya nyuma yanaweza kusukuma joto na mvuke kuelekea walioingia kwa mbele. Waliokuwa ndani walitoka wakitambaa. Tangu siku hiyo, mkubwa yeyote akinipitia pembeni na kuiamuru timu yangu moja kwa moja, humwomba kwa heshima alete amri hiyo kwa kamanda, na sioni aibu kufanya hivyo.

Halafu kuna suala la idadi. Mtu mmoja anaweza kuwasimamia vizuri watu kati ya watatu na saba wanaoripoti kwake, na watano ndiyo idadi inayofaa zaidi. Wakizidi saba, utayaona matokeo kabla hujahesabu: redio haipumui, kamanda anajibu "subiri" kwa kila mtu, na aliye na habari mbaya kuliko zote anashindwa kupata nafasi ya kusema. Ukisikia "subiri" zinaongezeka, gawanya kazi. Unaweza kugawa kwa mahali: msimamizi wa upande wa nyuma, msimamizi wa ghorofa ya juu. Au kwa kazi: msimamizi wa utafutaji, msimamizi wa majeruhi. Ushauri wangu ni kugawa mapema, wakati bado unaona huhitaji. Ukisubiri uzidiwe, utakuwa unapanga uongozi mpya huku ukijibu watu kumi na wawili.

Tukio linapokua, kazi za uongozi zinagawanyika katika sehemu tano: uongozi wenyewe, operesheni, mipango, ugavi, na fedha na utawala. Kwenye tukio dogo kamanda anazibeba zote peke yake, na hakuna haja ya kujaza vyeo. Kanuni ni kwamba kazi ambayo hujamkabidhi mtu bado ni yako. Inayosahaulika zaidi ni ugavi. Kikosi kikifanya kazi usiku kucha bila maji ya kunywa, mafuta ya jenereta wala betri za redio, mpango wako mzuri hautafika asubuhi. Kati ya wasaidizi wa karibu wa kamanda, wa kwanza kumteua awe ofisa usalama, na apewe mamlaka kamili ya kusimamisha kazi yoyote ya hatari palepale bila kuomba ruhusa. Msemaji wa habari na mratibu wa taasisi nyingine watafuata kadiri mambo yanavyokua.

Je, vikifika vikosi vya idara kadhaa, kila kimoja na mamlaka yake ya kisheria? Hapo tunahitaji uongozi wa pamoja: wakuu wa idara wanakaa mahali pamoja, wanakubaliana malengo ya aina moja, na amri zinashuka kwa njia moja. Wanaoripoti bado wana mkubwa mmoja mmoja. Nasisitiza neno "kukaa". Tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York, zimamoto na polisi waliongoza kutoka vituo tofauti. Polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona hali ya majengo kutoka juu, lakini hapakuwa na njia ya kuifikisha taarifa hiyo kwa makamanda wa zimamoto. Wazimamoto 343 walifariki siku hiyo. Tarehe 22 Mei 2017, baada ya bomu lililoua watu 22 Manchester, wazimamoto walifika eneo la tukio zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko, kwa sababu mawasiliano na idara nyingine yalivunjika na wakuu hawakukutana mahali pamoja. Hawakuwa waoga. Walikuwa wanasubiri picha ya hali ambayo wenzao tayari walikuwa nayo. Kwa hiyo ukiwa mkuu wa idara yoyote, ukifika usianzishe meza yako. Nenda kwenye meza iliyopo.

Kukabidhiana uongozi nako kuna utaratibu wake. Kufika kwa mwenye cheo kikubwa hakumfanyi kuwa kamanda. Anaweza kufika, akaona kazi inakwenda vizuri, akamwacha aliyepo aendelee na yeye akamsaidia. Nimewaheshimu sana wakubwa waliofanya hivyo. Akiamua kupokea, wazungumze ana kwa ana: hali ilivyokuwa na ilivyo sasa, malengo, nani yuko wapi na anafanya nini, vifaa vilivyoombwa na ambavyo havijafika, hatari zinazomtia wasiwasi anayeondoka. Kisha itangazwe redioni, jina na saa. Bila tangazo hilo, nusu ya kikosi itaendelea kumtii aliyeondoka.

Redioni tumieni lugha ya kawaida. Misimbo ya tarakimu, yaani nambari zinazotumika badala ya maneno, humchanganya mwenzako wa idara nyingine. Na anayepokea amri airudie: "Nimepokea, timu ya pili inaingia kwa nyuma, ghorofa ya chini." Amri isiyorudiwa ichukulie kama haijafika.

Neno kuhusu hesabu ya watu. Kila anayefika aandikwe kabla ya kuingia, na magari na vikosi ambavyo havijapewa kazi vikae eneo la kusubiri lenye msimamizi wake. Hili linawahusu hata raia wanaokuja kusaidia. Wengi huwafukuza, na mimi naona ni kosa, kwani mara nyingi ndio waliowatoa majeruhi wa kwanza, na watakaofukuzwa kwa mbele wataingia kwa nyuma bila kuonekana. Weka mtu mwenye daftari, waandike majina, wape kazi nje ya eneo la hatari chini ya msimamizi mmoja. Kila baada ya muda uliopangwa, na kila hali inapobadilika ghafla, wasimamizi wote wathibitishe idadi ya watu wao. Jengo likiporomoka, hutapata muda wa kuanza kukisia nani alikuwa ndani.

Kuondoa vikosi kunapangwa kama kuviingiza: waliochoka kwanza, kila mmoja akikatwa jina kwenye daftari. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, waulize wote, kuanzia mdogo kwa cheo ili asifunikwe na wakubwa: je, kuna wakati wowote hukujua unaripoti kwa nani? Andika saa na mahali anapotaja. Zoezi lenu lijalo lianzie hapo, na mfanye taratibu hizi hata kwenye moto wa pipa la taka, ili siku ya jengo zima ziwe zimeshakuwa mazoea.