Wewe wa Chemka, Bahari Usiipe Mgongo

Juzi msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, kaniandikia: "Kaka, Desemba tunashuka Dar na watoto, hiyo bahari ina hatari gani?" Desemba Wachaga wote wanapanda kwao, yeye anashuka. Haya. Ila swali lake limenitonesha kidonda.

Mimi ni wa Moshi. Kuogelea nimejifunzia kwenye chemchemi ya Chemka, nikawa najiona samaki. Mwaka juzi tulikwenda harusi Dar, kesho yake shemeji akatupeleka Kigamboni. Nikapanda juu ya mwamba, mgongo baharini, uso kwenye kamera. Mawimbi yalikuwa yanalamba chini tu, taratibu. Shemeji akapiga kelele, nikadhani anataka nitabasamu. Lile moja likanipiga kisogoni. Nilikokotwa juu ya mawe, suruali ikachanika, simu ikaenda, miwani ikaenda. Aliyenidaka mkono ni mvuvi aliyekuwa anashona wavu. Hata pole hakunipa: "Bahari haipewi mgongo, mzee." Video bado iko kwenye grupu la ukoo. Wao wanacheka. Mimi sicheki.

Tangu hapo nimesoma. Mawimbi hayalingani, yakipandana, moja linaweza kuwazidi wenzake mara mbili. Tarehe 1 Januari 1995, jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, lilipima wimbi la karibu mita 26, wakati makubwa mengine yalikuwa kwa wastani kama mita 12. Mabaharia walishasimulia miaka mingi, wakaambiwa wanatia chumvi. Tsunami ni jambo jingine, ile ya 26 Desemba 2004 ilisukumwa na tetemeko huko Sumatra, ikaua watu hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kukaa popote, itazameni bahari kwanza, hata dakika 20. Jiwe lililolowa, maji yalishafika hapo na yatarudi. Maji yakikupwa ghafla na kuacha samaki wanarukaruka, huenda ni tsunami inakuja, msiokote, kimbilieni juu. Na msiipe mgongo. Narudia, mgongo!

Sisi watu wa mlimani tuna kiburi. Mgeni tunamkataza kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji, tukifika pwani hata mvuvi hatumuulizi. Muulizeni. Simu mwachieni mmoja aliye nchi kavu, ila asirekodi.