Jiwe la Kaunta Lipimwe kwa Ndimu

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinauliza juu ya mawe ya kuweka kwenye kaunta za jikoni. Nimezifupisha na kuziacha bila ya majina. Swali la kwanza litachukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linaloyazaa.

Assalamu alaykum Fundi wetu. Tunajenga Fuoni na jiko limefikia hatua ya kaunta. Mume wangu anataka graniti, mimi nimependa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Tumekubaliana tukusikilize wewe.

Waalaykumu salaam, bibi. Kwanza tuelewane juu ya jina, maana siku hizi ukitaja marumaru dukani unaweza kuonyeshwa vigae vya udongo vya kutandika sakafuni, ambavyo si marumaru hata kidogo. Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhini, na mwili wake ni kabonati ya kalisi, ile ile iliyomo katika matumbawe, katika kuta za nyumba za Mji Mkongwe, na katika mawe tunayoyachoma tanuuni ili tupate chokaa. Graniti ni ukoo mwengine kabisa. Hiyo ilitokana na mwamba ulioyeyuka kwa moto, ukapoa polepole chini ya ardhi hadi ukafanya chembe za kwatsi na madini mengine magumu. Yale majabali yanayosimama kandokando ya ziwa mjini Mwanza ni graniti. Visiwani kwetu haipo, na yote unayoiona hapa imevuka maji.

Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayoamua mambo jikoni. Ndimu, siki, ukwaju, embe mbichi na hata nyanya vina asidi, na asidi huila kabonati ya kalisi. Jiko la kwetu halikosi ndimu: ipo kwenye samaki, kwenye achari, kwenye urojo, na mgeni akija ipo kwenye glasi yake. Tone moja likikaa robo saa juu ya marumaru iliyong'arishwa linaacha alama iliyofifia, na alama hiyo haifutiki kwa sabuni kwa sababu si uchafu, bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Graniti haijali ndimu. Kuna pia suala la ugumu: katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, marumaru hupata 3 hivi, kisu cha chuma hupata 5 na nusu au karibu yake, na graniti hupata baina ya 6 na 7. Kwa hiyo kisu huikwaruza marumaru, ilhali graniti humaliza makali ya kisu, na katika hali zote mbili ubao wa kukatia unahitajika.

Hata hivyo nisingependa mnunue kwa kufuata jina lililoandikwa kwenye bamba, kwa kuwa wauzaji huita graniti jiwe lolote linalong'aa, na mawe laini ya chokaa huuzwa kwa majina ya mawe magumu. Mwombeni muuzaji kipande cha masalio cha bamba lile lile mlilolichagua, mkipeleke nyumbani. Kateni ndimu, ilazeni juu ya upande uliong'arishwa, iacheni hadi asubuhi. Mahali pengine pa kipande hicho dondosheni maji na mkae dakika 10 mwangalie kama jiwe linabadilika rangi, kisha pembeni pakeni bizari ya manjano iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Asubuhi mkiosha kipande mtajua mambo matatu: kama jiwe lina chokaa, kama linakunywa maji, na kama litabeba madoa ya mchuzi wenu. Jiwe lililoweka giza palipodondoshwa maji halijakataliwa, ila litahitaji kupakwa sila, yaani dawa inayoingia katika vitundu vyake na kuzuia maji na mafuta yasipenye. Lililofifia chini ya ndimu ndilo la kuliacha, kwani sila haizuii asidi isile uso wa jiwe.

Katika ugomvi huu basi mimi niko upande wa mumeo. Ila kama moyo wako haujatoka kwenye marumaru, wekeni kipande kimoja kifupi mbali na jiko la moto na sinki, mahali pa kusukumia chapati. Marumaru ni baridi kwenye mkono, na donge halinati upesi juu yake.

Fundi, mimi ni kijana wa Chake Chake. Jikoni kwa mama kuna marumaru. Baada ya Idi tumekuta duara zilizofifia palipowekwa glasi za maji ya ndimu, na doa la manjano palipomwagika mchuzi. Nimesugua kwa sabuni na jivu, kisha kwa ndimu yenyewe, na duara zimezidi.

Mwanangu, ulipochukua ndimu ulimwita mwizi aje kulinda nyumba. Una matatizo mawili yasiyofanana. Doa la mchuzi ni rangi iliyoingia ndani ya jiwe, na dawa yake ni kuitoa. Duara za glasi ni ngozi ya jiwe iliyoliwa, na hakuna cha kutoa pale. Kinachotakiwa ni kuusawazisha na kuung'arisha uso upya. Kwa duara chache, fundi mwenye subira hutumia msasa wa maji, akianza na ule laini sana na kuzidi kwenda kwenye ulaini zaidi, akimalizia na unga wa kung'arishia marumaru. Sikushauri uanze mwenyewe, kwa sababu sehemu utakayoisugua inaweza kubonyea kidogo na taa ya usiku ikakusema. Jivu nalo liache, lina chembe zinazokwaruza.

Kwa doa la manjano, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, uchanganye na unga wa ngano mpaka upate donge zito linalopakika kama ugali laini. Lipake juu ya doa kwa unene wa kidole na kuzidi ukingo wake, lifunike kwa karatasi ya nailoni, ubane kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uache saa 24. Kisha ondoa nailoni, liache donge likauke lenyewe, kwa kuwa ni katika kukauka ndipo linapofyonza, ulikwangue kwa kipande cha plastiki na kuosha kwa maji. Doa la zamani hudai mara mbili au tatu. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, na usitumie peroksaidi juu ya jiwe jeusi, kwani inaweza kulipausha. Kama kaunta ipo karibu na dirisha, fungua pazia: rangi ya manjano huogopa jua, jambo ambalo kila aliyewahi kuanika kanga yenye doa la bizari analijua. Kama doa lingekuwa la mafuta matupu, peroksaidi isingesaidia. Hapo donge hutengenezwa kwa unga na sabuni ya vyombo.

Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, na jiko liko orofa ya pili. Je, sakafu ya boriti itabeba jiwe la sentimita 3?

Tupige hesabu badala ya kuogopa. Graniti ina uzito wa kilo 2,700 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bamba la sentimita 3 lina kilo 81 kwa mita ya mraba, na la sentimita 2 lina kilo 54. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ina eneo la mita 1.8 za mraba, nayo itakuwa na kilo 146 kwa bamba nene na kilo 97 kwa bamba jembamba. Tangi la lita 500 likijaa lina kilo 500 za maji peke yake, na nimeona matangi ya namna hiyo juu ya sakafu ambazo hakuna aliyeziuliza chochote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni boriti zenyewe. Sakafu za nyumba hizo zimelala juu ya miti ya mikoko, na urefu wa miti hiyo ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba. Ncha zinazoingia ukutani huoza pale ukuta unaponyonya maji ya mvua au ya bomba linalovuja, na jiko ndipo mahali pa mabomba. Chokoa ncha hizo kutokea dari ya chini kwa bisibisi; ikizama kwa urahisi, jiwe lisubiri. Zikiwa nzima, panga kabati kando ya ukuta unaobeba boriti, mzigo ukae karibu na ncha za boriti nyingi, wala usiziweke kabati sambamba na boriti moja katikati ya chumba. Bamba la sentimita 2 linatosha. Ikiwa utavunja ukuta au kuhamisha mabomba, pitia kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa kuwa mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na si kila kitu ni chetu kukiamua peke yetu.

Nina sehemu ya kuuza vinywaji ufukweni Jambiani, imeezekwa makuti. Nataka juu ya kaunta niweke jiwe la matumbawe, ili ifanane na mahali. Unasemaje?

Wazo ni zuri kwa macho. Wazee wetu walilichonga tumbawe kwa ustadi ambao bado unatushangaza: maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yamechongwa juu ya jiwe hilo. Lakini mihrabu haimwagiwi maji ya ndimu wala soda. Tumbawe ni kabonati ya kalisi kama marumaru, tena limejaa matundu, na matundu hayo yatakunywa kila kilichomwagika. Kuna pia chumvi ya upepo wa bahari, ambayo huingia katika matundu pamoja na unyevu, ikakauka na kuwa chembe zinazovimba ndani na kuumeguza uso wa jiwe kidogo kidogo. Isitoshe, matumbawe ya baharini yana kazi yao kule yaliko. Jenga mwili wa kaunta kwa mawe ya maweni, yaani yanayochimbwa nchi kavu, na chokaa, na juu yake uweke graniti isiyong'arishwa sana, ambayo haionyeshi mikwaruzo ya mchanga. Epuka graniti nyeupe yenye vidoa vya rangi ya kutu, kwa kuwa chuma kilichomo kitaendelea kupata kutu kwa unyevu wa pale. Epuka pia mawe ya kiwandani yaliyogandishwa kwa gundi: jua huigeuza gundi kuwa ya manjano.

Nipo Wete. Nilinunua graniti nyeusi Dar es Salaam. Imefika na ufa kwenye tundu la sinki, na juu yake sasa naona mawingu ya kijivu kila nikifuta kwa siki.

Pole sana, bwana. Ufa ulisababishwa na namna ya kusafirisha: bamba husimamishwa kwa ubavu wake kama kioo, halilazwi, na tundu la sinki huacha mikanda miwili myembamba isiyovumilia mtikisiko wa lori na boti. Safari nyengine tundu likatwe hapo hapo Wete, na pembe zake ziwe za mviringo, kwa sababu ufa huanzia kwenye pembe kali. Huu ulionao huzibwa kwa gundi ya ipoksi yenye rangi ya jiwe, ikiwa kabati chini yake limenyooka kwa pima maji.

Kuhusu mawingu, nahofia ulichouziwa ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi nyeusi, hila ya siku nyingi katika biashara hii. Chovya kitambaa cheupe katika dawa ya kutolea rangi ya kucha, ukisugue pembeni. Kikitoka cheusi, rangi ni ya kupaka, na una haki ya kumrudia muuzaji. Kikitoka cheupe, dondosha ndimu. Huenda ni jiwe la chokaa lililovaa jina la graniti.

Kila siku nisafishe kwa nini?

Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo, kisha ukaushe kwa kitambaa kingine. Kukausha ni muhimu Unguja, ambako maji ya visima yana chokaa nyingi na huacha utando mweupe kuzunguka bomba. Usipake mafuta ya nazi ili jiwe ling'ae; huchacha na kuvuta vumbi. Sufuria iliyotoka motoni iwekwe juu ya ubao au mkeka mdogo wa ukili: graniti huvumilia joto, lakini joto la ghafla mahali pamoja limewahi kupasua mabamba. Rudia jaribio la tone la maji kila mwaka, na jiwe likianza kuweka giza lipake sila upya.

Fundi anakata mawe barazani kwetu kwa grenda kavu, na vumbi linaingia hadi vyumbani. Watoto wanakohoa. Je, ni vumbi la kawaida?

Si la kawaida, na ningependa mumsimamishe leo. Vumbi la graniti lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huacha makovu kwenye mapafu, maradhi yaitwayo silikosisi, nayo hayana tiba ya kuyaondoa. Mawe ya kiwandani yanayouzwa kwa jina la kwatsi ni mabaya zaidi, kwa kuwa mengi yana silika zaidi ya asilimia 90; Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa ajili ya mafundi waliokuwa wakiugua. Mwambieni akate kwa maji yanayotiririka juu ya msumeno, nje, upande upepo unakokwenda, naye avae barakoa ya vumbi inayobana usoni, si kitambaa. Vumbi lililokwisha kutua barazani lioshwe kwa maji, lisifagiliwe. Huyo fundi ndiye anayelivuta kila siku, kwa hiyo mkisema naye, semeni naye kwa huruma.